Maganda ya korosho yasioze nyuma ya banda

Wenzangu tunaobangua korosho huku Mtwara, Newala hadi Masasi, msiridhike na cheti cha mazingira kilichobandikwa ukutani. Sheria ya Mazingira ya 2004 inaweka kiwango cha chini, na masharti huongezeka. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, aliyekuwa ameshahamia vifungashio vingine hakubaki na mzigo wa kutupa.

Anzeni na maganda. Yakirundikwa nje, mvua ikinyesha mafuta yake huchuruzika hadi kwa jirani. Ni mafuta yale yale yanayobabua vidole vya mama zetu wanaobangua bila kujipaka majivu wala kuvaa glavu. Ukiyachoma maganda ovyo, moshi unawasha macho mtaa mzima (na ukishakosana na mtaa, ukaguzi utakuja tu). Bora kuyakamua: mafuta hayo hutengenezea rangi na breki za magari, na makapi yanawaka vizuri tanurini.

Mashine ya kukamua ni ghali kwa mtu mmoja, nakubali. Changeni watano, au lipelekeni wazo kwenye mkutano wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) kabla msimu haujafunguliwa, maana ukishafunguliwa hakuna atakayewasikiliza.