Kuchaji bajaji sita za umeme Tanga bila kuielemea gridi

Bajaji za umeme zikirudi Ngamiani au Makorora saa 1 usiku, dereva huchomeka chaja papo hapo. Ni saa ileile ambayo kila nyumba imewasha taa, feni na televisheni. Transfoma ya mtaa inalemewa, umeme unakuwa mdogo, na chaja zinapata moto, kwa sababu volti zikipungua chaja huvuta ampia zaidi kufidia. Bajaji hiyo haitoki tena hadi saa 12 asubuhi, na kuchaji kunachukua saa nne na nusu tu. Muda unaobaki ndio tunaoutumia kuipumzisha gridi.

Hatua ya 1: Piga hesabu

Chukua betri ya lithiamu ya volti 60, ampia-saa 100: hiyo ni uniti 6. Ikirudi na asilimia 20 inahitaji uniti 4.8, na ukiongeza kinachopotea kama joto kwenye chaja, LUKU itasoma takribani 5.4. Chaja ya kilowati 1.2 inamaliza kwa saa nne na nusu. Chaja sita pamoja ni kilowati 7.2, yaani ampia 31.

Hatua ya 2: Waya na boksi

Kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Waya mkuu uwe wa shaba, milimita za mraba 10, na brekeri ya ampia 40. Wengi hubana gharama wakaweka wa 4. Kwa umbali wa mita 30, ampia 31 zikipita, waya wa 4 unakula volti 8 na nusu. Wa 10 unakula 3 na nusu. Tena waya wa 4 ukiwa ndani ya bomba unachemka, kwa kuwa mzigo huu haupumziki kama wa pasi.

Kila chaja ipate soketi yake, waya wa 2.5, brekeri ya ampia 16 na RCD ya miliampia 30, yaani kifaa kinachokata umeme ukivuja. Ethi ipimwe, isikisiwe.

Gawa chaja makundi mawili ya tatu-tatu, kila kundi na kontakta yake ya ampia 25, yaani swichi ya sumaku inayobeba mzigo mkubwa; taima iamrishe koili yake tu, ule waya wa kuzungushwa unaoivuta. Usipitishe mzigo kwenye taima moja kwa moja, hata kama imeandikwa ampia 16. Chaja zina kapasita, vipande vinavyohifadhi umeme, zinazovuta kwa mshtuko zinapowashwa. Mguso wa taima unaungua na kugandana, na chaja hazizimi tena.

Hatua ya 3: Taima

Kundi la kwanza lianze saa 4 na nusu usiku, la pili saa 7 usiku. Kwenye kioo cha taima andika 22:30 na 01:00. Hapa ndipo makosa mengi hutokea: mtu anawaza saa 7 usiku, anaandika 07:00, na asubuhi anakuta bajaji tatu hazina chaji. Nunua taima yenye betri ya ndani, la sivyo kila umeme ukikatika saa yake inapotea.

Hatua ya 4: Rilei ya volti na masafa

Rilei hii ni swichi inayopima umeme na kujizima yenyewe ukiharibika. Volti zinaeleza hali ya laini ya mtaa wako. Masafa, yaani mara ngapi umeme unapiga kwa sekunde, yanaeleza hali ya gridi nzima: mitambo ya Hale na Pangani hapa mkoani, na ile ya Julius Nyerere kule Rufiji, yote inazunguka kwa mapigo yaleyale ya hezi 50. Mzigo ukizidi uzalishaji, masafa yanashuka kila mahali kwa pamoja, na hata chaja ya Chumbageni inaweza kusaidia kwa kujizima.

Kila kundi lipate rilei yake, iungwe mfululizo na koili ya kontakta yake, kisha weka hivi:

- Zima chini ya hezi 49.5 kwa sekunde 2; washa zikifika 49.9.
- Zima chini ya volti 207 kwa sekunde 10. Washa zikifika 218.
- Kuwasha tena: kundi la kwanza baada ya dakika 3, la pili baada ya 9.

Pengo kati ya 207 na 218 ni la lazima. Chaja zikizima, volti zinapanda zenyewe. Bila pengo kontakta itawaka na kuzima mfululizo hadi iharibike. Ucheleweshaji nao una kazi yake: umeme uliokatika ukirudi, majokofu na pampu zote huanza kwa mkupuo, na laini inaweza kuanguka tena.

Weka pia swichi ya kuruka taima kwa dharura, lakini isiruke rilei. Usipoiweka, dereva mwenye haraka ataunga waya wake.

Hatua ya 5: Jaribu

Chaja zote zikiwaka, bana mita ya ampia kwenye waya mkuu: isome karibu 31. Baada ya nusu saa gusa boksi. Likiwa la moto kupita vuguvugu, kuna skrubu imelegea. Betri za asidi zisiwekwe kwenye mpango huu wa kukatizwa, maana zikilala bila kujaa sahani zake hushika salfeti.

Kurudisha umeme wa betri kwenye gridi ni kazi nyingine kabisa. Inahitaji chaja ya pande mbili inayojitenga yenyewe laini ikikatika, na kibali cha TANESCO. Usichomeke inveta kwenye soketi ya ukutani: fundi aliye juu ya nguzo, anayeamini laini imezimwa, anaweza kufa.

Karibu na bahari, kama Raskazone, tumia boksi la IP65, lisilopitisha vumbi wala maji yanayorushwa, nyaya ziingie kwa chini, na kila mwezi zima umeme ukaze skrubu na kusugua kutu ya kijani kwenye miguso kabla haijaanza kuchemsha.