Mlango unakwaruza au mwanya haulingani? Anza na bawaba, randa iwe ya mwisho kabisa

Wadau, kila masika ikianza ni hadithi ile ile, mlango wa chumbani unagoma kufunga, unapigwa bega, mtu anaita fundi, fundi anakuja na randa begani anaparura ubavu wa mlango anachukua hela yake anaondoka. Mlango unafunga vizuri kweli. Subiri sasa mpaka kiangazi, mbao imekauka imesinyaa, unakuta mwanya upande wa kitasa unapitisha kidole na ulimi wa kitasa haushiki tena vizuri. Na mbao ikisharandwa hairudi. Mi msimamo wangu ni huu, bawaba unaweza kuzilegeza, kuziinua, kuzizamisha na kuzirudisha zilivyokuwa, kwa hiyo hizo ndo za kuanza nazo.

Hapa naongelea milango yetu ya kawaida, ya mninga au mkongo, futi 7 kwa futi 3 au mbili na nusu, bawaba tatu za inchi 4, fremu ya mbao ngumu iliyojengewa ukutani. Ile milango ya kale ya Zanzibar ya kuchonga mingi haina bawaba hizi, inazunguka kwenye vigingi vya juu na chini, hiyo ina mafundi wake.

Kwanza funga mlango alafu simama uuangalie. Usiguse kitu bado. Mwanya mzuri ni milimita 2 mpaka 3 juu na pembeni, chini unaachwa zaidi kidogo kutegemea na vigae au zulia. Kama huna kifaa cha kupimia chukua kadi za benki, kadi moja ina unene wa milimita 0.76, kwa hiyo zikipita kadi tatu au nne kwa pamoja bila kulazimisha uko sawa. Zipitishe juu, katikati na chini, pande zote, na uandike kwa penseli kwenye fremu kila sehemu zimepita ngapi, maana ukishaanza kufungua skrubu utasahau ulikotoka.

Namba hizo ndo zinakuambia ugonjwa. Ukikuta mwanya mkubwa juu upande wa bawaba, alafu kona ya juu upande wa kitasa inakwaruza fremu na kona ya chini upande huo huo inagusa sakafu, basi mlango umelala, yaani bawaba ya juu inavutwa na uzito. Huu ndo ugonjwa wa nyumba nyingi. Ukikuta upande wote wa kitasa umebana sawasawa juu mpaka chini na upande wa bawaba kuna mwanya mpana, bawaba zote zinahitaji kuzama kidogo ndani ya mbao. Ikiwa kinyume, kitasa kina mwanya mkubwa na upande wa bawaba umegusa, zinahitaji kusogezwa nje kidogo. Na kama fremu yenyewe imepinda, ukuta una ufa unaoanzia kona ya mlango kwenda juu, hasa kwenye udongo wa mbuga ule mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, hapo unaweza kupunguza kero tu, tatizo liko kwenye msingi.

Sasa fanya jaribio hili kabla ya kushika bisibisi. Fungua mlango nusu, shika kitasa, uunyanyue juu taratibu huku macho yakiwa kwenye bawaba ya juu (muite mtu akuangalizie kama mlango ni mzito). Kama bapa la bawaba (lile bamba lenye matundu ya skrubu) linachezacheza kwenye mbao, shida ni skrubu. Kama bapa limetulia ila kinachocheza ni pale kwenye pini, pini imelika, nunua bawaba mpya usipoteze muda.

Mara nyingi utakuta ni skrubu, na sababu kila mtu anaijua ila hatusemi: skrubu zimepigwa na nyundo. Fundi anagongelea mpaka ibaki kidogo alafu anazungusha mara mbili na bisibisi ili kichwa kikae vizuri, ukiangalia kwa nje unaona kazi safi. Ndani meno ya skrubu yameshachana mbao, hakuna kinachoshikilia zaidi ya msuguano, na mlango wa mninga una uzito wa maana. Baada ya mwaka au miwili inaanza kutoka yenyewe.

Dawa yake. Fungua mlango digrii 90, weka kabari chini ya ncha ya upande wa kitasa, gazeti lililokunjwa au vipande vya mbao vinatosha, mpaka uzito utoke kwenye bawaba. Shughulikia bawaba MOJA kwa wakati mmoja, usijifanye shujaa ukafungua zote tatu mlango ukakuangukia mguuni. Toa skrubu za upande wa fremu, weka gundi ya mbao kwenye tundu, sukumia ndani vijiti vya mishikaki au vipande vya mbao ngumu ulivyochonga mpaka tundu lijae, kata kwa patasi viwe sawa na uso wa fremu. Njiti za kiberiti ni laini mno kwa mlango mzito, mi sizipendi. Iache ilale usiku mzima. Kesho yake toboa tundu jipya katikati kwa drili, skrubu namba 8 inataka tundu la kama milimita 3 kwenye mbao ngumu, alafu paka skrubu sabuni ya mche ndo uizungushe kwa mkono. Bila tundu la kuongozea utaivunja kichwa ibakie ndani na hapo utakuwa na kazi nyingine. Kama unatumia za shaba ndo laini kabisa, tangulize ya chuma ya saizi hiyo hiyo itengeneze njia, itoe, kisha weka ya shaba. Sisi wa pwani, Dar, Tanga, Mombasa na visiwani, chumvi ya hewani inakula zile za chuma za bei rahisi haraka sana, tafuta za shaba au stenlesi.

Kuna ushauri umejaa kwenye video za Youtube, ati toa skrubu moja ya bawaba ya juu weka ndefu ya inchi 3 mlango utajivuta wenyewe. Kwao ni sawa, maana nyumba nyingi za Marekani kibao cha fremu ni chembamba na nyuma yake kuna nguzo ya mbao, ile skrubu ndefu inaenda kuishika nguzo. Huku kwetu fremu ni mbao ya inchi 2 na nyuma yake ni tofali na plasta! Skrubu ya inchi 3 inatokea ng'ambo inakutana na tofali, inagoma au inapasua plasta. Inchi moja na nusu mpaka mbili ikiwa imeshika mbao nzima inatosha kabisa.

Ukishakaza, pima tena kwa kadi. Wengi wataishia hapa, mwanya umerudi, kazi imeisha. Kama bado mlango umelala kidogo ndo tunaingia kwenye kuweka kipande nyuma ya bawaba.

Hapa watu huchanganyikiwa kwa hiyo soma taratibu. Mlango ukiwa umelala, kipande kinawekwa nyuma ya bawaba ya CHINI, sio ya juu. Ukiisukuma nje bawaba ya chini, sehemu ya chini ya mlango inaenda upande wa kitasa, na kwa sababu juu pameshikwa, kona ya kitasa inanyanyuka na ile ya juu iliyokuwa inakwaruza inaachana na fremu. Mnyanyuko unaoupata ni kama nusu hivi ya unene uliouweka. Ukiweka kipande nyuma ya bawaba ya juu unaulaza mlango zaidi, na wapo wanaofanya hivyo kwa sababu wanaona mwanya uko juu basi wanapachika juu.

Kipande chenyewe usitumie boksi la kawaida, linabonyea na likipata unyevu linakuwa uji. Zile kadi za benki zilizoisha muda ndo mali, hazibonyei na unene wake unaujua tayari. Kata kwa saizi ya bapa, inapungua kidogo urefu kwa bawaba ya inchi 4 ila haina shida, iweke katikati, toboa matundu ya skrubu kwa msumari uliopashwa moto. Anza na kadi moja, funga, pima, kisha ongeza ikibidi. Na bawaba ya katikati usiisahau, pini zote tatu lazima zikae kwenye mstari mmoja ulionyooka, kwa hiyo ukiweka kadi mbili chini weka moja katikati, la sivyo bawaba zitashindana na mlango utaanza kulia na kulegeza skrubu upya.

Kama upande wa kitasa hauna nafasi ya kusukumiwa mlango, fanya kinyume, zamisha ya juu. Toa bawaba ya juu, chukua patasi iliyonolewa vizuri, kwangua ule mchongo ambamo bawaba inalala, nyembamba kama ganda la kitunguu kwa mara moja, rudisha, pima. Ya katikati nayo izame nusu ya hapo. Patasi butu usithubutu, itachimba. Ukizidisha sio mwisho wa dunia, unajazia na kipande cha kadi.

Dalili nyingine ambayo wengi wanadhani ni mlango kuvimba: unaufunga unakurudishia, kama una springi. Angalia vichwa vya skrubu, vikiwa vimechomoza mabapa mawili hayawezi kulala pamoja. Kama vimezama vizuri basi bawaba zimechongewa ndani mno, mlango unagusa fremu upande wa bawaba kabla haujafika mwisho, weka kadi moja nyuma ya kila bawaba.

Milango ya chuma na mageti yenye bawaba za duara za kuchomelea, zile ambazo mlango unanyanyuliwa unatoka, ni rahisi zaidi. Mtafute mtu wa kusaidiana, nyanyueni, chomeka washa moja (ile pete bapa ya chuma) ya saizi yake kwenye kila pini, tia grisi, shusheni. Makabati ya jikoni yenye bawaba za kisasa za kujificha, skrubu iliyo karibu na mlango inausogeza kushoto na kulia, ya nyuma inausogeza ndani na nje, zile za kwenye kibati cha ubavuni ukizilegeza mlango unapanda na kushuka. Robo mzunguko unapima, basi.

Kitasa kisiguswe mpaka bawaba ziishe. Watu wanawahi kukata kwa tupa kile kibati cha kwenye fremu, kesho bawaba inakazwa mlango unanyanyuka, ulimi unakosa tundu tena. Ukimaliza bawaba paka ulimi chaki, funga, fungua, alama itakuonyesha unapogonga, hapo sasa ndo usogeze kibati.

Na kama baada ya yote hayo mlango bado umebana upande mzima katikati ya masika, vumilia hadi ukauke. Mbao inavimba kwa upana, kwa urefu karibu hakuna kitu, na unyevu mwingi unaingilia kingo za juu na chini ambako mafundi wengi hawapaki vanishi kwa sababu hakuna anayeona, alafu kila siku tunadeki maji yanakaa hapo hapo chini. Kiangazi kikiingia shusha mlango, paka vanishi kingo hizo mikono miwili mitatu, ikauke vizuri kabla ya kuurudisha. Masika ijayo ikifika ukiwa bado unakwaruza baada ya hapo, haya, muite wa randa, na mwambie akwangue kidogo tu upande wa bawaba, sio wa kitasa, ili asiharibu pale kitasa kilipochongewa.