Kihisi cha sukari mkononi: namna ya kukibandika na kukisoma

Mimi ni muuguzi katika kliniki ya kisukari hapa Kisumu. Hatua hizi ndizo ninazowafundisha wagonjwa wanaovaa kihisi cha FreeStyle Libre cha siku 14. Kabla hujanunua, hakikisha simu yako ina NFC (uwezo wa kusoma kifaa kwa kukikaribia tu), maana bila hiyo haitasoma chochote, na kihisi kimoja si pesa kidogo.

1. Chagua mahali. Ni nyuma ya mkono, juu ya kiwiko, penye nyama na pasipo kovu. Ukizoea kulalia ubavu wa kushoto, bandika mkono wa kulia. Kihisi kikilaliwa huonyesha sukari imeshuka usiku wa manane ilhali haijashuka.

2. Osha kwa sabuni ya kawaida, kausha, pangusa kwa spiriti, kisha usubiri ikauke kabisa. Joto letu linatoa jasho jingi, na gundi haishiki juu ya unyevu wala mafuta ya kujipaka.

3. Bandika. Linganisha alama ya kifaa cha kubandikia na ile ya pakiti, gandamiza juu ya meza, inua, weka mkononi, sukuma kwa nguvu. Sindano inarudi, unabaki uzi laini wa milimita 5 hivi chini ya ngozi. Wengi hushtushwa na mlio kuliko uchungu.

4. Kianzishe kwa simu, ungoje dakika 60. Baada ya hapo kipitishie simu angalau kila saa 8, hasa unapokwenda kulala na unapoamka, la sivyo mchoro wa sukari yako kwenye simu utakuwa na mapengo.

5. Kwenye simu, soma mshale ulio kando ya namba kabla ya namba yenyewe. Hapa ndipo ninapowaweka watu kwa muda mrefu. Tuseme unasoma 6.2 (namba zote hapa ni mmol/L, kipimo cha sukari). Mshale ukiwa umelala, uko sawa. Ukielekea chini wima, sukari inashuka kwa zaidi ya 0.1 kila dakika, kwa hivyo baada ya dakika 20 unaweza kuwa 4.2 au chini zaidi. Ukitumia insulini, usipande pikipiki kutoka Kondele kwenda mjini na mshale huo. Kula kitu kwanza.

Kumbuka pia kwamba kihisi kinapima majimaji ya chini ya ngozi, wala si damu yenyewe, kwa hivyo kinachelewa kwa dakika kadhaa. Ukitetemeka na kutokwa jasho ilhali simu inasema 5, uamini mwili wako na udunge kidole upime damu. Ikiwa sukari ya damu iko chini ya 3.9, au huna kipimo karibu, kunywa vijiko vitatu vya chai vya sukari ndani ya maji. Dunga tena baada ya dakika 15.

6. Andika chakula. Mama mmoja muuza samaki sokoni Kibuye alikuwa akijipima asubuhi tu, kabla ya kula, na namba zake zilitufurahisha sote. Wiki ya kwanza ya kihisi, mchoro ulipanda hadi 14 kila siku saa nne. Akaniambia, "Sista, saa hiyo nimemaliza tu uji wangu." Kikombe kilikuwa kikubwa, na sukari ndani. Tulipunguza kikombe, tukaondoa sukari, akaongeza yai la kuchemsha. Kilele kikashuka hadi 10.

7. Lengo la watu wazima wengi ni kuwa kati ya 3.9 na 10 kwa angalau asilimia 70 ya muda, yaani karibu saa 17 kwa siku. Wazee na wenye hatari ya kushuka hupewa lengo jepesi zaidi. Usijibadilishie dozi ya insulini kwa sababu ya mchoro. Uje nao kliniki.

8. Kitoe siku ya 14, au kabla ya kupigwa picha ya MRI. Kinachofuata kibandike mkono wa pili.

Kama huwezi kununua kila mara, nunua kimoja, ukivae majuma mawili kabla ya kuonana na daktari, na daftari la chakula liwe kando yako. Nimeona dozi zikirekebishwa vizuri kwa hicho kimoja.