Kabla vuli haijaanza: mambo ya kuzingatia kwa kompyuta ya dukani na nyumbani Mwanza

Vuli ikikaribia, watu wa Mwanza hukagua mabati, huzibua mifereji na kuinua magunia yaliyokaa chini. Kompyuta hakuna anayeikumbuka mpaka siku inapogoma kuwaka, na siku hiyo lazima foleni ya wanaotaka kuchapa barua iwe imefika nje ya duka. Ukitazama mashine zinazofika kwa mafundi kuanzia Oktoba, zilizokufa kwa uzee ni chache. Nyingi zimeuawa na umeme ulioingia vibaya au joto lililokosa pa kutokea. Yote mawili unaweza kuyawahi.

Kwanza ujue umeme unapitia wapi. Nyuma ya kasha, pale unapochomeka waya, kuna kisanduku cha chuma chenye feni yake: pawa saplai. Hupokea umeme wa ukutani wa volti 230 na kuutoa ukiwa wa upande mmoja kama wa betri, katika volti 12, 5 na 3.3. Madabodi (bodi kuu), prosesa (ubongo wa kompyuta), ramu (kumbukumbu ya muda) na diski vyote hula kutoka hapo. Kishindo cha umeme kikija, pawa saplai ndiyo hukutana nacho kwanza. Iliyo nzuri hufa peke yake. Ile ya bei ya kutupa huondoka na wenzake. Ukiambiwa uchague kati ya kuongeza ramu na kununua pawa saplai ya maana, nunua pawa saplai.

Sasa ethi, yaani waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Hapa Mwanza ina shida yake, na watu huipuuza. Nyumba za Mabatini, Igogo na vilima vingine zimekaa juu ya miamba ya matale, na jiwe kavu halipitishi umeme vizuri. Fimbo ya ethi iliyogonga mwamba ikaishia nusu mita ni pambo tu, hata kama waya wake umefungwa kwa ustadi. Dalili moja unaweza kuiona mwenyewe: ukigusa chuma cha kasha kwa mgongo wa mkono unasikia vijisindano. Ni vichujio vilivyo ndani ya pawa saplai, ambavyo hupitisha mkondo mdogo sana kwenda kwenye kasha, na kasha likakaa na karibu nusu ya volti za ukutani kwa sababu umeme huo hauna njia ya kushuka ardhini. Mkondo wenyewe haukuui, ila unakuambia kwamba siku likitokea kubwa, nalo halitakuwa na njia. Mwite fundi umeme mwenye kipimo cha ethi, apime, asikuangalizie kwa macho. Na acheni ule mchezo wa kusukuma kijiti au mfuniko wa kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie. Tundu hilo ndilo la ethi, na plagi hiyo haigusi ethi kabisa.

Kuhusu radi, tofauti yetu na watu wanaokaa mbali na ziwa ni saa inapopiga. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku hugeuka, ukatoka pande zote za nchi kavu kuelekea ziwani, hewa ikakutana juu ya maji yenye joto na kupanda. Ndiyo maana ngurumo kubwa za ziwani huja usiku na kuelekea alfajiri, wakati duka limefungwa na wewe umelala Buzuruga. Kuzima kompyuta hakutoshi, wala kuzima swichi ya ukutani: radi iliyovuka kilomita za anga haishindwi na nafasi ya milimita chache ndani ya swichi. Chomoa plagi unapofunga duka, kila jioni, usingoje wingu. Chomoa pia waya wa intaneti unaotoka kwenye antena ya juu ya bati. Huo husahauliwa, na huingiza radi kwa mlango wa nyuma moja kwa moja mpaka kwenye madabodi.

Umeme ukikatika mchana, ngoja dakika kadhaa baada ya kurudi ndipo uwashe. Unaporudi, friji na mota za mtaa mzima huanza kwa pamoja, na volti huyumba.

UPS, kile kisanduku cha betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika, nayo ina mambo yake. Namba kubwa kwenye boksi ni VA (volti-ampea), si wati. UPS ya VA 650 kwa kawaida hubeba wati zisizofika 400. Kompyuta ya mezani ya kazi za ofisi na skrini yake hula kama wati 100 hivi, kwa hiyo zinaenea na unapata dakika kumi au zaidi kidogo. Hizo ni za kuhifadhi kazi na kuzima kwa amani, si za kumalizia kuchapa. Kosa linaloonekana kwenye steshenari nyingi ni printa ya leza kuchomekwa kwenye UPS hiyo hiyo. Printa hiyo ina roli inayopashwa moto kufikia nyuzi 200 hivi ili wino wa unga uyeyuke na kushika karatasi, na inapopasha huvuta mamia ya wati kwa mkupuo. UPS inalia piii, kila kitu kinazima, na mteja anakuangalia. Printa ya leza iende kwenye soketi ya ukutani. Betri ya ndani ya UPS ni ya risasi na asidi, huchoka baada ya miaka mitatu mpaka mitano, na kwenye chumba chenye joto huchoka mapema zaidi. Ipime kabla ya mvua: hifadhi kazi zako, chomoa UPS ukutani, hesabu dakika. Ikizima papo hapo, badilisha betri, si lazima UPS nzima.

Halafu hewa. Prosesa ikipata moto sana hujipunguzia kasi ili isiungue, ndipo watu wanaposema mashine imekuwa nzito na kuanza kufuta picha. Fungua kasha utazame. Kwenye maduka ya karibu na maji, Kirumba Mwaloni kwa mfano, utakuta kitu ambacho fundi wa Dodoma hakijui: zile nzi ndogo za ziwani, zinazopanda kutoka majini kama moshi hasa mwezi unapoandama, hufuata mwanga wa taa na skrini, zikavutwa na feni. Zikifia kwenye mapezi ya chuma yaliyo juu ya prosesa, mafuta ya miili yao na vumbi hushikana kuwa kama kipande cha blanketi la kijivu. Hewa haipiti tena. Usiku wa nzi, geuza dawati ili skrini isitazame mlango, na taa ya nje iwake mbali na dirisha la chumba cha kompyuta.

Kusafisha, tumia brashi laini na blowa ndogo ya umeme. Usiipeleke kwa wajaza upepo wa matairi. Kompresa ile hutoa maji na mafuta pamoja na upepo. Chomoa umeme, gusa chuma cha kasha kwanza ili umeme tuli wa mwilini utoke, kisha shika mapanga ya feni kwa kidole unapopuliza, maana feni ikizungushwa kwa upepo mkali huumia beringi na huzalisha umeme wa kurudi kwenye bodi. Pawa saplai yenyewe usiifungue. Ipulizie kwa nje tu, kwani kapasita zake hubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa. Matundu yote ya nyuma yasiyo na kadi yazibwe. Mijusi hupenda joto la humo, na mjusi mmoja anatosha kuunganisha nyaya mbili zisizotakiwa kukutana.

Saa ya kompyuta ikirudi nyuma kila ukiwasha, ni betri ya madabodi, CR2032 ya volti 3, inapatikana hata kwa mafundi saa. Ibadilishe, la sivyo tovuti za benki na serikali zitakataa kufunguka kwa sababu ya tarehe.

Laptopu: padi ya kugusia ikianza kuinuka, betri imevimba. Acha kuichaji, usiitoboe, peleka kwa fundi.

Iliyobaki ni diski. Diski ya sahani huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika huku kichwa chake kikielea juu bila kugusa, na umeme ukikatika ghafla ikiwa inaandika, faili huharibika. SSD, diski ya chipu, haina kinachozunguka, haiogopi mtikisiko wa bajaji, lakini ikifa huwa haitoi mlio wa kukuonya. Kwa vyovyote weka nakala mbili nje ya kompyuta, moja isikae duka moja na mashine. Flashi iliyo kwenye droo ya dawati lile lile itaibwa au kulowa pamoja nayo. Kisha fungua faili chache kutoka kwenye hiyo nakala, kwa kompyuta ya mtu mwingine, kabla mvua ya kwanza haijanyesha.