Jinsi ya Kuchagua Kicheza Muziki cha Mkononi kwa Matumizi ya Garini

Anayetafuta kicheza muziki cha kutumia garini kwa kawaida huanzia kwenye kifaa chenyewe: hutazama ukubwa wa kumbukumbu, uzuri wa skrini na umaarufu wa jina, na akishanunua ndipo anapogundua kwamba redio ya gari lake haina mahali pa kukichomeka. Kabla ya kulinganisha kifaa kimoja na kingine, keti kwenye kiti cha dereva, washa redio, na ukague kila sehemu ambayo sauti inaweza kuingilia, kwa sababu redio hiyo ndiyo itakayoamua ni vifaa gani vinakufaa na ni vipi vitakuwa hasara tupu.

Redio inapokea nini

Tundu la duara la milimita 3.5, ambalo wengi hulijua kwa jina la AUX, ndilo lenye masharti machache kuliko mengine yote. Kicheza muziki chochote chenye tundu la spika za masikioni huunganishwa nalo kwa waya mmoja wenye ncha mbili zinazofanana, na redio haiulizi faili zako ni za aina gani wala kumbukumbu imefomatiwa vipi, kwa kuwa kinachopita kwenye waya ule ni sauti ambayo kifaa kimekwisha kuifasiri. Litafute kwa makini, kwani katika magari mengi halipo kwenye uso wa redio bali limejificha ndani ya sanduku lililo kati ya viti au ndani ya kabati la dashibodi. Kasoro yake ni kwamba vitufe vya redio na vya usukani vitaongeza na kupunguza sauti tu. Kubadilisha wimbo ni lazima ufanye kwenye kifaa chenyewe.

Kwa njia hii utakuwa na vidhibiti viwili vya sauti vinavyofuatana, na wengi huvipanga vibaya. Ukipunguza sauti ya kifaa na kufungulia redio hadi mwisho, utasikia mvumo nyuma ya muziki. Ukikifungulia kifaa hadi mwisho, vipande vyenye nguvu vitaanza kukwaruza. Weka kifaa kwenye robo tatu ya uwezo wake, au juu kidogo ya hapo, kisha tumia kitufe cha redio kwa marekebisho yote ya safari. Vipo vicheza muziki vyenye njia ya pekee ya kutolea sauti kwa kiwango kisichobadilika, na ukikipata chenye njia hiyo, kipe kipaumbele.

Kuna kero moja ya AUX ambayo dukani haionekani. Ukichaji kifaa kwa umeme wa gari huku waya wa sauti umechomekwa, huenda ukasikia mlio mwembamba unaopanda na kushuka kadiri unavyokanyaga mafuta. Si ugonjwa wa kifaa wala wa spika: waya wa chaja na waya wa sauti, vyote viwili, vinakifunga kifaa kwenye mfumo mmoja wa umeme wa gari, na mkondo mdogo unaozunguka katika duara hilo, pamoja na kelele za altaneta (mashine ya injini inayozalisha umeme wa gari), hupenya kwenye njia ya sauti. Ukichomoa chaja na mlio ukakoma, umekwisha kumjua mwizi. Dawa yake ni kitenganishi kidogo chenye transfoma kinachowekwa katikati ya waya wa sauti, au, kwa maoni yangu lililo bora zaidi, kununua kifaa chenye betri ya kutosha safari nzima na kukichaji mkiwa mmeegesha.

Tundu la USB linaonekana la kisasa zaidi, lakini lina masharti mengi zaidi. Mengine ni ya kuchajia tu na hayapitishi muziki kabisa. Mengine husoma hifadhi ya faili kama inavyosomwa flashi, na hapo kicheza muziki hugeuka sanduku la nyimbo tu: redio huzichukua faili na kuzifasiri yenyewe, skrini ya kifaa huandika kwamba kimeunganishwa, na vitufe vyake hufa ganzi. Kwa hiyo aina za faili zinazokubalika ni zile zinazojulikana na redio, hata kama kifaa chako kinacheza kila kitu. Isitoshe, baadhi ya vicheza muziki hujitambulisha kwa utaratibu wa MTP ulioandaliwa kwa ajili ya kompyuta, ambao redio nyingi za magari haziuelewi, na mwenye kifaa hubaki akishangaa kwa nini flashi ya kawaida inasomwa lakini chombo chake cha thamani hakitambuliwi. Kama gari lako lina USB inayosoma faili na huna haja ya kusikiliza muziki nje ya gari, sema kweli na nafsi yako: huhitaji kicheza muziki, unahitaji flashi.

Kuhusu Bluetooth, hakikisha kwanza kwamba redio inapokea muziki, kwa maana zipo redio, hasa za miaka ya mwanzo ya teknolojia hiyo, zilizowekewa Bluetooth ya kupokelea simu peke yake. Utaratibu unaopitisha muziki huitwa A2DP, na ule unaoruhusu vitufe vya usukani kuruka wimbo huitwa AVRCP. Vyote viwili vitajwe kwenye kijitabu cha redio na kwenye maelezo ya kifaa. Jambo ambalo maandishi ya kwenye boksi hayatakwambia ni kama kifaa huungana tena na redio chenyewe kila unapowasha gari. Simu nyingi hufanya hivyo, ilhali vicheza muziki vidogo vingi hukutaka uingie kwenye menyu na kuanza upya, na zoezi hilo, likirudiwa kila asubuhi, humchosha hata mtu mvumilivu.

Redio isiyo na chochote kati ya hivyo haijafungiwa mlango. Ikiwa ina sehemu ya kaseti, kipo kifaa chenye umbo la kaseti kinachopitisha sauti ya kicheza muziki hadi kwenye kichwa cha kusomea, na kwa masikio yangu husikika vizuri kuliko watu wanavyotarajia. Ikiwa ina FM tu, hutumika kirushi kidogo kinachotangaza muziki wako katika masafa yaliyo kati ya megahezi 87.5 na 108. Tafuta sehemu tupu isiyo na kituo jirani, na uwe tayari kuhama, kwa kuwa sehemu iliyo tupu mwanzoni mwa safari ndefu huweza kuwa na kituo chenye nguvu baada ya saa moja. Sauti ya FM hukomea kwenye kilohezi 15, hivyo usilipie kifaa cha sauti bora kabisa ikiwa hiyo ndiyo njia pekee uliyo nayo.

Mkono unaotafuta bila jicho

Gari linalokwenda kilomita 90 kwa saa hupita mita 25 katika kila sekunde. Dereva anayetumia sekunde mbili kutafuta alama ya kuruka wimbo kwenye skrini ya kugusa amekwenda mita 50 bila kuiona barabara. Kwangu mimi hoja hii inazizidi zote zinazohusu ubora wa sauti. Niliwahi kuwa na kicheza muziki chenye skrini nzuri ya kioo, na nyumbani nilikipenda. Garini kilikuwa adha, kwa sababu kioo hakina ukingo wa kupapasa, na jua likikipiga huonyesha uso wa dereva badala ya jina la wimbo.

Iwapo redio yako haiwezi kukiamrisha kifaa, chagua chenye vitufe halisi vinavyobonyea, vilivyotengana, na vyenye maumbo tofauti kiasi kwamba kidole hujua kipi ni cha kusimamisha na kipi ni cha kuruka. Kijaribu ukiwa umefumba macho: simamisha, endelea, ruka wimbo mmoja mbele, rudi mmoja nyuma. Ukikosea mara mbili, kirudishe kwenye rafu. Angalia pia kama vitufe hivyo hufanya kazi skrini ikiwa imezimika, kwa kuwa baadhi ya vifaa hudai uwashe skrini kwanza ndipo vikusikilize. Kuchagua albamu au orodha nyingine ni kazi ya kabla ya kung'oa gari au ya abiria, wala hakuna kifaa kitakachoigeuza kuwa ya dereva.

Sifa nyingine ndogo yenye manufaa makubwa ni kukumbuka mahali muziki ulipokatikia. Msikilizaji wa vitabu vya sauti au mihadhara ya saa nzima atateseka sana na kifaa kinachoanza faili upya kila kinapozimwa. Pia kuna kusawazisha sauti kati ya wimbo na wimbo, ambako katika vifaa vingi hujulikana kwa jina la ReplayGain: bila hilo wimbo wa zamani uliorekodiwa kwa upole utafuatwa na wa kisasa utakaokushtua.

Kumbukumbu na aina za faili

Kicheza muziki cha iPod kilipotoka mwaka 2001 kilikuwa na diski ya gigabaiti 5, na ilitosha kutangazwa kwamba hubeba nyimbo 1,000. Leo kadi ndogo ya kumbukumbu ya gigabaiti 32 ni kitu cha kawaida. Wimbo wa dakika 4 wa MP3 wenye kilobiti 320 kwa sekunde huchukua takriban megabaiti 9.6, kwa hiyo kadi hiyo hubeba nyimbo zaidi ya 3,000, yaani kiasi cha saa 200. Anayeendesha saa mbili kwa siku atakaa miezi mitatu bila kurudia wimbo. Afadhali kifaa chenye kumbukumbu ndogo na nafasi ya kadi kuliko chenye kumbukumbu kubwa isiyoongezeka.

Faili za FLAC, ambazo hazipotezi chochote cha rekodi ya asili, ni nzuri kuhifadhi nyumbani. Garini, kelele za matairi, upepo na injini hufunika tofauti ndogo zilizopo kati yake na MP3 iliyotengenezwa vizuri, na sioni sababu ya kulipia zaidi kwa ajili yake. Jambo la kuangalia kwa makini ni nyimbo unazozisikiliza kwa kulipia huduma ya intaneti kila mwezi: hata zikipakuliwa, hubaki zimefungwa ndani ya programu ya huduma hiyo, na huwezi kuzinakili kwenye kicheza muziki cha kawaida. Ikiwa muziki wako wote uko huko, simu ya zamani iliyowekewa programu hiyo itakufaa kuliko kifaa kipya.

Kadi au flashi itakayosomwa na redio moja kwa moja iwe imefomatiwa kwa mfumo wa kupangia faili uitwao FAT32, kwa kuwa redio nyingi hazitambui mifumo mingine. Nyingi pia hucheza faili kwa mpangilio zilivyonakiliwa, si kwa alfabeti; anza majina ya faili kwa 01, 02, 03 na uzinakili kwa utaratibu huo. Kadi za bandia zinazodai ukubwa zisizo nao ni nyingi, kwa hiyo ijaze kadi mpya hadi pomoni na uisome tena kwenye kompyuta kabla ya kuiamini.

Joto na betri

Apple huelekeza kwamba iPod isihifadhiwe mahali penye joto linalozidi nyuzi 45 za Selsiasi, na betri za lithiamu za vifaa vingine haziko mbali na hapo. Dashibodi iliyopigwa na jua la mchana, madirisha yakiwa yamefungwa, huweza kupita nyuzi 60. Betri iliyozoeshwa hali hiyo huchoka mapema, na inaweza kuvimba. Chagua basi kifaa chepesi ambacho utakitoa garini bila kinyongo kila unaposhuka, na uepuke kukigandisha kabisa kwenye dashibodi. Anayependa iPod akumbuke kwamba utengenezaji wake ulikoma mwaka 2022. Ya mtumba itakuwa na betri iliyozeeka, na zile za zamani zenye diski inayozunguka hazipendi mitikisiko ya barabara mbovu.

Ukishapata kifaa unachokidhania, usikimalizie dukani. Omba ukijaribu kwenye gari lako, ukiwa na waya wako mwenyewe na nyimbo mbili unazozifahamu vizuri, mmoja wa upole na mmoja wenye besi nzito. Washa injini, ongeza mafuta taratibu na usikilize kama kuna mlio. Chomeka chaja usikilize tena, na uone kama muziki haukatiki, maana vipo vifaa vinavyoacha kucheza mara tu vinapopata umeme wa USB. Kisha zima gari katikati ya wimbo, ngoja dakika tano, uliwashe tena, na utazame unahitaji kubonyeza mara ngapi kabla muziki haujarudi pale ulipoachia.