Dakika sitini za Jumanne: namna ya kuwanoa wahudumu wa maktaba bila kungoja semina

Mama mmoja alifika kaunta akitokea Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, khanga yake bado inanukia dagaa. "Mwanangu, mna kitabu cha samaki?" Nikamwambia tunacho. Nikampeleka rafu ya 597, kwenye vitabu vya elimu ya viumbe, nikamkabidhi kitabu kinene chenye michoro ya mifupa na mapezi, nikarudi kukaa nimeridhika na nafsi yangu. Baada ya dakika kumi alikirudisha, akashukuru, akaondoka. Mwenzangu aliyekutana naye mlangoni ndiye aliyemuuliza vizuri: mama alitaka kujua afanyeje ili dagaa wake wasiharibike masika, jua linapogoma siku tatu mfululizo. Kitabu cha kukausha na kuhifadhi samaki tulikuwa nacho, rafu ya 664, hatua chache tu kutoka pale nilipomwacha akitazama mifupa.

Wakati huo nilikuwa nimeshahudhuria semina mbili, na vyeti vyake ninavyo mpaka leo.

Ninachoeleza hapa ni utaratibu wa kufundishana wenyewe kwa wenyewe, saa nzima kila wiki, tuliouanza baada ya siku ile. Hauhitaji bajeti, na unawezekana hata mkiwa wahudumu watatu. Sina ugomvi na chuo. Mwenye nafasi ya kwenda SLADS pale Bagamoyo, chuo cha ukutubi, yaani kazi ya maktaba, kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania tangu 1989, aende asisite. Lakini Bagamoyo na Mwanza ni mwendo, na wengi tunaokaa kaunta tuliingia kwa milango mingine: huyu alikuwa karani, yule mwalimu aliyehamishwa, na yule kijana anayejitolea akisubiri ajira.

Hatua ya 1: Fungueni daftari la kaunta

Nunua kaunta buku moja, chora safu nne: tarehe, swali, tulimpa nini, aliondoka nacho au hakuondoka nacho. Swali liandikwe kwa maneno ya msomaji mwenyewe. Kama alisema "kitabu cha samaki", andika hivyo hivyo, usilipambe likawa "hifadhi ya mazao ya uvuvi". Ukilipamba umeshalijibu kichwani, na kosa ulilotaka kulikamata limekuponyoka.

Jina la msomaji lisiandikwe, wala namba yake ya simu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, watu hutuuliza habari za mirathi, talaka na magonjwa, na Mwanza hii, kwa ukubwa wake wote, watu wanajuana.

Kwa wiki mbili za mwanzo msifundishane chochote. Andikeni tu. Utaona wenzako wanaandika yale waliyofaulu peke yake, kwa sababu wanahisi daftari ni la kuwakamata. Dawa yake ni kiongozi wa zamu kuandika aibu yake kwanza. Ukurasa wetu wa kwanza kabisa ni ile habari ya dagaa, kwa mwandiko wangu.

Hatua ya 2: Tengeni saa

Yetu ni Jumanne, saa mbili hadi saa tatu asubuhi, kabla milango haijafunguliwa. Jumatatu ina vitabu vingi vya kurudisha rafuni. Ijumaa watu wameshachoka. Anayesafiri na kivuko kutoka ng'ambo apewe zamu ya kufika saa mbili na nusu, asisimangwe.

Hatua ya 3: Chagueni swali moja

Moja, si matano. Pitieni daftari mtenge maswali yaliyoshindikana katika mafungu matatu: hatukujua kitabu kilipo, hatukumwelewa msomaji, hatuna kitabu. Fungu la tatu si la mafunzo. Liandikieni barua ya maombi ya vitabu mlipeleke juu. Yaliyobaki ndiyo kazi ya Jumanne. Mtashangaa jinsi fungu la pili lilivyo kubwa.

Hatua ya 4: Jifunzeni kuuliza kabla ya kunyanyuka kwenye kiti

Hapa ndipo tunapotumia muda mwingi kuliko pote, na ningekuwa na saa moja tu kwa mwaka mzima ningeimalizia hapa.

Zoezi lenyewe ni mchezo wa kuigiza. Mmoja anakuwa msomaji, mwingine mhudumu, waliobaki watazamaji. Msomaji anapewa kikaratasi chenye haja yake ya kweli, iliyotoka daftarini, lakini haruhusiwi kuitaja mpaka aulizwe vizuri. Anaanza na swali butu, kama wanavyoanza wote.

Wiki moja kikaratasi kilisema: *kikundi chetu cha akina mama kinataka kuandika katiba ili tusajiliwe*. Mwigizaji akaanza, "Habari za kazi. Naomba kitabu cha biashara." Kijana wetu, mwepesi wa miguu, alishasimama kuelekea 658, rafu ya biashara. Tukamrudisha. Mara ya pili akauliza, "Unataka cha nini?" Watazamaji wakacheka, kwa sababu wote tuliisikia sauti ya polisi wa kituoni. Mtu mzima akiulizwa hivyo na kijana atajibu "basi, hamna shida" na hutamwona tena.

Baada ya majaribio mengi tumebaki na maneno haya, na kila mmoja anayajua kama salamu:

"Karibu mama. Niambie kidogo unachotaka kufanya, nisije nikakuzungusha bure."

Lile "nisije nikakuzungusha" ndilo linalofanya kazi. Sababu ya kuuliza inakuwa udhaifu wangu mimi mhudumu, na mama hajihisi anahojiwa. Tulijaribu pia "ili nikusaidie vizuri", likasikika kama tangazo la benki, tukaliacha.

Kuna mambo mengine ambayo kitabu cha ukutubi hakitakufundisha. Shikamoo itangulie, na usiipokee ukiwa unatazama kompyuta. Mzee akikusalimu "Mwangaluka", mpishe mwenzako anayekijua Kisukuma waendelee. Haja ya kweli hutoka haraka zaidi kwa lugha ya nyumbani, na wewe usione haya kuitiwa msaada. Mtoto wa shule akisema "mwalimu kasema tulete kitabu cha sayansi", usimhoji; mwombe daftari lake usome swali lilivyoandikwa ubaoni. Na msomaji akishapewa kitabu, mfuate baada ya dakika tano umuulize, "Ndicho hicho, au tuendelee kutafuta?" Mimi ningeuliza hivyo siku ile, dagaa wa watu wangepona.

Hatua ya 5: Tembeeni rafuni mkimtafuta samaki

Sasa inukeni. Mfundishaji anataja mada moja, kila mhudumu analeta kitabu kimoja, kisha mnavilinganisha mezani. Sisi tulianza na samaki, na nakushauri uanze naye, maana kandokando ya ziwa hili hakuna asiyemjua.

Samaki kama kiumbe, mwili wake na aina zake, yuko 597. Uvuvi, yaani nyavu na mitumbwi, uko 639.2. Ufugaji wa sato kwenye mabwawa na vizimba ni jirani yake, 639.3. Mapishi yako 641.6. Kukausha, kuweka chumvi na kusindika, 664.94. Samaki mmoja, rafu tano! Kijana aliyezaliwa Igombe aliniuliza kwa nini Dewey, aliyebuni namba hizi za rafu, hakuwaweka pamoja kama walivyo mwaloni. Jibu ni kwamba Melvil Dewey, alipotoa mpango wake mwaka 1876, alipanga kwa fani. Hakuuliza kitu hiki ni nini, aliuliza nani anakishughulikia: mwanasayansi, mvuvi, mpishi au mwenye kiwanda. Mhudumu akishalielewa hilo, hahitaji kukariri namba. Atamuuliza msomaji anataka kumfanya nini samaki, na miguu itampeleka yenyewe.

Wiki iliyofuata tulichukua pamba. Shambani iko 633.51, lakini ikishaingia kiwandani kuwa uzi na kitambaa imehamia 677. Halafu Kiswahili, kinachotusumbua kila siku na wanafunzi wa kidato cha nne: sarufi iko 496.392, riwaya na ushairi viko 896.392, na mtoto anaomba tu "kitabu cha Kiswahili". Historia ya Tanzania, 967.8, haina matata.

Tahadhari moja. Maktaba nyingi hufupisha namba, kwa hiyo kwenu 664.94 inaweza kuwa imeandikwa 664 basi. Fuateni mgongo wa kitabu ulivyobandikwa, msianze kubishana nao saa mbili asubuhi.

Hatua ya 6: Simu na kompyuta, kwa kiasi

Kila mhudumu ajue kumfungulia mwanafunzi Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, maana vitabu vya kiada vya karatasi havitoshi, na Novemba mitihani ikikaribia vinagombaniwa. Kwenye katalogi ya kompyuta, fanyeni zoezi la kutafuta kitu kimoja kwa maneno matatu tofauti. Anayeandika "dagaa" akakosa ajaribu "samaki", kisha "uvuvi". Kama mnafikiria programu ya kuendeshea maktaba, Koha ni ya bure na ilianzia kwenye maktaba ya umma huko New Zealand, ingawa mtahitaji mtu wa kuitunza. Umeme ukikatika, rudini hatua ya 5.

Swali la dawa au la mahakamani, mwonyeshe msomaji kitabu au ukurasa na umwambie umetoka wapi. Usimshauri.

Hatua ya 7: Tumeni msomaji wa uongo

Baada ya wiki tatu mtume ndugu yako, asiyejulikana pale, aje na haja ya kweli na swali butu. Wahudumu waambiwe mapema kwamba mwezi huo atakuja mtu, ila wasiambiwe siku. Shangazi yangu alikuja kutafuta "kitabu cha nyumba". Alihojiwa kwa adabu mpaka akakiri kwamba ni mchwa, akaondoka na kitabu cha wadudu waharibifu, na akasahau kabisa kwamba nilimtuma mimi.

Hatua ya 8: Anayekwenda semina arudi na mzigo

Semina zikija, nendeni, posho nayo si haramu. Sharti letu ni moja: Jumanne inayofuata ni yako. Hutasoma zile slaidi. Utachagua jambo moja tunaloweza kulifanya hapa, kwa vifaa tulivyonavyo, utufanyishe kwa mikono. Mwenzetu mmoja alirudi na begi zuri na kalamu mbili, akakiri kwamba hakumbuki jambo hata moja. Tulimshukuru kwa ukweli, tukafanya zoezi la kushona vitabu vilivyochanika, analolijua tangu zamani na hakuwahi kuulizwa.

Kila Jumanne andikeni nusu ukurasa: swali lilikuwa lipi, tulifanya nini, nani alikosekana. Mhudumu mpya akiripoti, siku yake ya kwanza asome hilo faili kabla ya kuonyeshwa mihuri. Na faili likae kaunta, karibu na daftari, si kwenye kabati la ofisini. Kabati hufungwa, na mwenye ufunguo yuko safari.