Jinsi ya kupanga riwaya ya makachero wa Nairobi wanaomsaka muuaji, bila saa kukuvuruga

Mpwa wangu alikuja kwangu Umoja na daftari lililojaa maiti, akaniuliza, "Mjomba, mbona kila nikisoma tena naona muuaji alikuwa sehemu mbili kwa wakati mmoja?" Tulikaa mezani mpaka chai ikapoa. Haya ndiyo tuliyofanya, na ndiyo ninayofanya mimi mwenyewe kabla ya kuandika sura ya kwanza.

Hatua ya 1: Mjue muuaji

Ukurasa mmoja. Anaua nani, vipi, kwa nini, na anaacha nini. Usianze na mpelelezi.

Hatua ya 2: Tawanya maiti

Muuaji wa watu wengi hapa Nairobi hahitaji kuwa na akili za ajabu ili asikamatwe. Anachohitaji ni maiti ya kwanza iandikishwe Kamukunji, ya pili Buruburu, ya tatu Kasarani. Kila kituo kina OB yake, yaani kitabu cha polisi cha kuandikia matukio, na namba zake, na konstebo wa zamu hana habari na kilichoandikwa kwa jirani. Mto unakusaidia pia: Mto Nairobi unatoka kwenye kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, unapita Ngara na Gikomba, halafu unashuka kuelekea Dandora na Ruai. Maiti ikipatikana Dandora si lazima mtu awe aliuawa Dandora. Riwaya yako inaanza siku mtu mmoja anapozisoma OB tatu pamoja.

Hatua ya 3: Kikosi

Watu wanne wanatosha. Wape vyeo tofauti, na asiwepo anayejua kila kitu.

Hatua ya 4: Saa

Hapa nilipoteza wiki mbili na sura tatu, kwa hivyo vumilia.

Katika riwaya ya Kiswahili zipo saa tatu zinazotembea pamoja. Shahidi anataja saa ya Kiswahili. Simu inaonyesha saa ya kizungu. Polisi anaandika kwa saa 24. Chukua mfano huu: marehemu alituma pesa kwa M-Pesa, na ujumbe unaonyesha 7:42 PM. Mama mboga wa pale kona anasema, "Alipita hapa saa mbili kasorobo, nilikuwa nafunga sukuma." Kwenye OB inaandikwa 1945. Ni dakika zilezile za jioni moja. Mimi kwenye mpango wangu niliandika "2" tu, kwa haraka. Nilipofika sura ya saba nikaisoma kama 2 AM ya simu, yaani saa nane za usiku, wakati ambao mshukiwa wangu alikuwa lindoni mbele ya mashahidi. Saa sita zikapotea, na mtu mwenye hatia akapata kinga ambayo sikumpa.

Kwa hiyo nunua karatasi ya manila, uibandike ukutani. Usitumie jedwali la kwenye simu. Skrini inakuonyesha safu mbili ukasahau ya tatu, na kosa huwa liko kwenye hiyo ya tatu. Chora safu tano: kilichotokea, saa ya mdomoni, saa ya simu, saa ya OB, na mwisho kabisa nani kikosini anajua na tangu siku gani. Yaliyotokea kweli andika kwa wino mweusi, yaliyosemwa na watu kwa mwekundu. Usiandike namba tupu kamwe. Andika "saa mbili usiku", hata kama mkono umechoka.

Safu ile ya mwisho usiirushe. Inspekta wangu alitaja uzi kwenye kifundo cha mkono wa marehemu siku mbili kabla daktari hajafungua maiti. Msomaji akiona hivyo, ataanza kumshuku inspekta.

Kisha kuna usiku, na huu nauogopa zaidi. Mzee wa Lamu mwenye duka la vitambaa Eastleigh anamwambia polisi, "Nilimwona usiku wa Ijumaa." Kwake siku inaanza magharibi, kwa hiyo anasema Alhamisi baada ya jua kutua. Konstebo aliyekulia bara anaandika Ijumaa. Mshukiwa anaachiliwa kwa sababu Ijumaa usiku alikuwa Nakuru. Sura nne baadaye, sajini wa Mombasa anarudi dukani na swali moja: "Mzee wangu, usiku wa Ijumaa, au Ijumaa usiku?"

Ukitumia hili, mtendee msomaji haki. Mapema kabisa, mwonyeshe mzee huyohuyo akimwalika jirani kwa maulidi ya "usiku wa Ijumaa" na watu wakija Alhamisi. Na kumbuka kwamba siku hizi wengi huchanganya matumizi hayo mawili, ndiyo maana sajini lazima aulize, asikisie. Wewe msimulizi shika namna moja isiyo na utata: Alhamisi usiku wa kuamkia Ijumaa.

Hatua ya 5: Mkamate kisheria

Katiba ya 2010, Kifungu cha 49, inataka mshukiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24. Zikiisha wakati korti imefungwa, muda unasogea hadi mwisho wa siku ya korti inayofuata. Mkamate Ijumaa saa kumi na mbili jioni, na kikosi chako kina mpaka Jumatatu. Jumatatu ikiangukia sikukuu ya Madaraka, 1 Juni, kina mpaka Jumanne. Hizo ndizo sura zako nzuri kuliko zote.

Usimalize kwa mshukiwa kukiri kwa mpelelezi wake ndani ya seli. Maungamo ya aina hiyo hayapokelewi. Yanatakiwa yafanywe mbele ya hakimu au jaji, au afisa mwenye cheo ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, akiwepo mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa. Kesi ya mauaji husikizwa Mahakama Kuu, na kabla ya kujibu mashtaka mshtakiwa hupelekwa kupimwa akili.

Hatua ya 6: Andika

Kila mhusika anapotaja saa au siku, inuka uende ukutani, utafute mstari wake, ndipo urudi kuweka nukta.